Rundo Hili Lilifikaje Hapa?

Jumapili moja usiku, mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yangu alituma taarifa yake ya kila wiki kwenye grupu la WhatsApp. Ilianza hivi: "Wapendwa wanakamati, hadi sasa tumekusanya shilingi milioni nne na laki mbili." Yakafuata majina ya waliotoa, kisha ya walioahidi na bado hawajatimiza, na mwisho namba ya kutuma pesa na zile emoji za viganja viwili vilivyokutana.

Watu wakajibu kama ilivyo desturi. Hongereni kwa kazi. Tupo pamoja. Kesho asubuhi natuma. Kisha Baba Mdogo, ambaye kwenye grupu lile huandika "Amina" na kuondoka, akatuma ujumbe wa sauti.

"Mweka hazina, mwanangu, pole na kazi. Ila hapo juu parekebishe. Hapa hakuna aliyekusanya kodi. Watu wamechanga. Andika, watu wamechanga."

Mweka hazina akaweka dole gumba.

Taarifa haikurekebishwa. Wanakamati wakahamia kwenye suala la ukumbi, maana mwenye ukumbi alikuwa amepandisha bei baada ya kupokea kianzio, na hilo lilikuwa na moto zaidi. Harusi ikafanyika, watu wakala, wakacheza. Mimi nikabaki na ile sauti ya Baba Mdogo kichwani, wiki baada ya wiki, kwenye daladala na hata nikiwa kwenye foleni ya benki.

## Pesa ileile

Baba Mdogo si mtu wa kuchezea maneno. Amefanya kazi bandarini mpaka akastaafu, na mazungumzo yake mengi ni mafupi kama risiti. Ila ni wa umri ule unaoikumbuka kodi ya kichwa, iliyokuja kuitwa kodi ya maendeleo mpaka ikafutwa mwaka 2003. Mgambo alfajiri. Wanaume wazima wakitokea mlango wa uani na kuelekea mashambani bila kunywa chai. Kwa sikio lililopita huko, kukusanya pesa ni tendo lenye fimbo nyuma yake.

Nilipoirudia ile taarifa, nikaona kwamba hata bila historia yake mzee alikuwa na hoja. Katika "tumekusanya", mtendaji ni kamati. Waliotoa hawaonekani, pesa ilikuwa mahali fulani imetawanyika, kamati ikaizungukia. Katika "wamechanga", mtendaji ni shangazi wa Mbagala aliyetuma elfu ishirini huku akijua gesi yake imebaki kidogo. Na kama kamati inataka kuonekana, ipo njia ya kufanya hivyo bila kumfuta mtu: "tumechangisha". Hapo kamati inasema kazi yake, kwamba ilisukuma na kukumbusha, na wachangaji bado wapo ndani ya sentensi.

Pesa ni ileile.

Tena kuchanga kuna sharti ambalo kukusanya hakuna: hakufanywi na mtu mmoja. Unaweza kuchangia, kwa sababu wengine wapo. Unaweza kukusanya peke yako mwaka mzima. Lakini mtu akikwambia "nimechanga peke yangu" utamwangalia usoni kuona kama anatania.

## Jaribu kubadilisha

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu, kwa hiyo visawe ni mkate wangu. Mteja akitumia "kukusanya" mara tano kwenye aya moja, mimi ndiye ninayelipwa kumtafutia maneno mengine. Nikaweka kamusi mbili mezani, ile ya TUKI iliyotoka kwanza mwaka 1981 na Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015, nikaanza kupitia vitenzi vya ukoo huu kimoja kimoja: okota, zoa, chuma, vuna, kinga, anua, senya, komba, changa, dunduliza, limbikiza, hodhi. Kamusi inafanya kazi yake, inaeleza neno kwa neno. Lakini ukifuata njia hizo kwa muda unajikuta umezunguka na kurudi kwenye kuweka vitu pamoja, na wewe ulitaka kujua kwa nini mzee alikereka.

Nikaziacha kamusi, nikageukia methali. Methali ni ngumu kuchezea. Toa neno moja, weka kisawe chake, na mara moja unasikia kama kinakaa au kinateleza.

Chukua "maji yakimwagika hayazoleki". Weka "hayaokoteki", maji yanageuka shanga, kitu cha kubanwa kwa vidole, moja moja. Weka "hayavuniki", tayari umesema kuna mtu aliyapanda. Weka "hayakusanyiki", maana inafika lakini inafika imevaa tai. Kuzoa kunataka kitu kilichosambaa chini, kingi, kisicho na haja ya kuchaguliwa, na kunataka viganja viwili au kizoleo. Uchungu wa ile methali uko hapo: unainama na viganja vyote viwili, na bado yanapita katikati ya vidole.

Au "mchuma janga hula na wa kwao". Hii ilinikalisha chini. Anayechuma amenyoosha mkono kwenye tawi. Ameona, amechagua, amevuta. Kama methali ingesema mwokota janga, tungemhurumia. Angekuwa mtu aliyekuwa akipita zake, akakuta kitu njiani, kikamponza. Ndugu wangemfariji. Kwa mchuma janga ndugu wanakula naye huku wakimsema, na methali inawapa haki hiyo kwa kitenzi kimoja tu.

Kuanzia hapo nikaanza kuona kwamba kila kitenzi cha ukoo huu kinajibu swali ambalo "kukusanya" hakiulizwi. Rundo hili lilifikaje hapa? Kilikuwa kinaning'inia, kimetandazwa, kimetupwa, kimepandwa? Nani aliinama, na nani alikuwa na haki ya kuinama?

## Mvua ikianza

Anayetaka kuvisikia vitenzi hivi vikiwa hai asiende maktaba. Akae kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga, Tabata au Mwananyamala, dakika mawingu yanapoanza kugeuka.

Inaanza na sauti moja tu, mara nyingi ya mwanamke aliye jikoni, ambaye hajaiona mvua bali ameinusa: "Anueni!"

Hasemi anueni nini. Kila mlango unafunguka.

Kuanua ni kinyume cha kuanika, kama kufungua kilivyo kwa kufunga. Kwa hiyo nguo iliyoanuliwa inabeba kumbukumbu kwamba kuna mtu aliyeitandaza juani kwa makusudi, na mwenyewe anajulikana. Ndiyo maana unaweza kuanua nguo za jirani na usiitwe mwizi. Unazirundika kitandani kwako na akirudi kazini anazikuta zimekunjwa. Dagaa waliokuwa kwenye mkeka nao wanaanuliwa. Lakini mkeka ukipinduliwa na upepo, dagaa wale wale wanazolewa, pamoja na mchanga. Na shati lililoanguka kutoka kwenye kamba likalala kwenye tope haliwezi kuanuliwa tena. Nimemsikia mtoto wa chumba cha pili akimjibu mama yake: "Nilienda kuanua nikakuta zimeanguka, nimeziokota." Alikuwa anajitetea kuhusu matope, na alijua kwamba kitenzi ndicho kitakachomwokoa.

Wakati huohuo kuna anayekimbilia beseni kwenda kukinga maji kwenye ukingo wa bati. Kukinga ni kutega chombo chini ya kitu kinachoanguka. Neno hilohilo tunalitumia kwa anayeinua mkono kukinga kofi, na kwa chanjo inayokinga ugonjwa. Nimejiuliza sana kuhusu hili: katika yote mawili kuna kitu kinachokujia kutoka juu na wewe unaweka kitu katikati. Tofauti ni kama ulikuwa unakitaka au la.

Serikali na mashirika huita kazi hiyo kuvuna maji ya mvua. Kwa muda mrefu niliona ni urasimu, mtu wa semina akiipambisha ndoo. Siku hizi nawapa haki yao kidogo. Mwenye mifereji kwenye paa zima, chujio na simtanki ameandaa, ametumia fedha, amesubiri msimu. Huyo anavuna kweli. Sisi wa beseni tunakinga.

Kusenya ndiko kumepotea mjini. Ni kukusanya kuni, matawi makavu yaliyoanguka, na bibi zetu walilitumia bila kufikiri. Dar mkaa unanunuliwa kwa kopo na gesi inaletwa na bodaboda. Kazi imeondoka, kitenzi kimeifuata.

## Pointi tatu

Kundi linalovitumia vitenzi hivi kwa ustadi kuliko wote ni waandishi wa michezo, na nasema hivyo nikijua wenzangu wahariri watanuna. Timu ikishinda inapata pointi tatu, kila mtu anajua, hakuna mpya. Lakini habari ya Jumatatu haisemi "imepata". Inasema imevuna pointi tatu, na tayari umeelewa kwamba kulikuwa na mazoezi, mipango, kocha aliyepanda. Inasema imezoa, unaelewa mpinzani alikuwa amelala na pointi zimetapakaa uwanjani. Imekomba: walikwenda ugenini mechi mbili na hawakumwachia mwenyeji hata tone chunguni. Imeokota: penalti ya dakika za mwisho, mpira umemgonga beki mgongoni.

Nenda kijiwe chochote Kariakoo baada ya mechi. Shabiki wa Yanga na shabiki wa Simba wameangalia mchezo mmoja, skrini moja, kahawa moja. Mmoja anasema "tumevuna", mwenzake anasema "mmeokota". Watabishana mpaka jua lizame, na ukisikiliza vizuri hakuna anayebishia matokeo. Wanagombea kitenzi.

Maana kuokota, kwa Kiswahili, kunakunyima sifa. Tunasema fulani kaokota dodo chini ya mnazi: embe zuri, mahali ambapo halikutarajiwa, na yeye hakupanda wala hakurusha jiwe. Ni bahati. Bahati haina mshahara wala heshima, na mwenye nacho akitokea inabidi urudishe.

Kuchuma kuko upande mwingine kabisa. "Mchumia juani hulia kivulini", jasho limo ndani. Na kutoka kwenye mkono huo ulionyooshwa kwenye tawi tumepata neno la uchumi, la mchumi, na vitivo vizima vya vyuo vikuu. Tungeweza kuuita uvunaji, au ukusanyaji. Tukachagua kuchuma. Anayevuna anamaliza shamba na kusubiri msimu. Anayechuma matembele uani anaacha shina, kesho kutwa linachipua tena. Kama waliolianzisha neno walifikiria hivyo sijui na wala sina haja ya kuwasemea. Najua tu kwamba kila bajeti inaposomwa Dodoma mwezi Juni, nalisikia lile tawi.

## Gunia moja

Mpaka hapa nilikuwa na furaha ya mtu aliyegundua chumba kipya nyumbani kwake. Kisha nikafika kwenye vitenzi vya kuweka, na mambo yakawa mazito.

Kudunduliza ni kitenzi cha kibubu: sarafu leo, noti ya elfu keshokutwa, na hakuna anayejua mpaka siku ya kukivunja. Kulimbika ni kuacha kitu kiongezeke mpaka kitoshe, kama maji ya kisima kilichochotwa hadi chini. Mtoto wake ni kulimbikiza, na huyu amekulia ofisini. Mwalimu yeyote wa serikali akisikia "malimbikizo" hafikirii utajiri, anafikiria mishahara na madai yake ambayo hayajalipwa. Ni rundo la ajabu kweli: linakua kila mwezi na mwenye nalo hana kitu mkononi.

Kuna kuhodhi. Hapa kitenzi kinaweza kukupeleka mahakamani.

Waliokuwa watu wazima mwaka 1983 hawahitaji kuelezwa. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, sheria maalumu ikapitishwa mwaka huohuo, na hapa mjini bidhaa zilizokuwa hazionekani dukani zikaonekana usiku zikitupwa vichochoroni na mitaroni na wenyewe, kwa kuogopa kukutwa nazo. Sukari, vitenge, sabuni. Mama yangu husimulia habari ya sabuni kwa namna ambayo huwezi kujua kama anacheka au analaani.

Fikiria gunia moja la sukari ndani ya stoo. Mwenye duka anasema ameweka akiba. Jirani anasema kalimbikiza. Ofisa anasema amehodhi. Hakuna punje iliyoongezeka wala kupungua kati ya sentensi ya kwanza na ya tatu, lakini mtu amehama kutoka kuwa mwangalifu mpaka kuwa mhujumu. Sukari ilipopanda bei na kuadimika mwanzoni mwa mwaka 2024, nilisikia vitenzi hivi vitatu dukani kwetu ndani ya saa moja, vikisemwa kuhusu muuzaji yuleyule, naye akiwa amesimama hapohapo akipima mchele.

Baada ya hapo nikawa na msimamo. Kukusanya, nikasema, ni kitenzi cha wavivu na waoga. Kimemeza ndugu zake wote. Tunakusanya kodi, maoni, taka, takwimu, pointi, michango na ushahidi, na hakuna anayeulizwa kitu. Nilikuwa tayari kuandika makala kali ya kumtetea Baba Mdogo, na kichwa chake nilikuwa nacho.

Nilichelewa kuiandika, na nashukuru.

## "Mimi siokoti"

Mvua kubwa zikinyesha, bonde la Msimbazi hupokea kila ambacho mji umekitupa. Mifuko ya plastiki imepungua tangu ilipopigwa marufuku Juni mosi 2019, lakini chupa zipo, tele, zikielea kwa makundi kama bata. Maji yakishuka, watu wanaingia na viroba.

Nilikuwa pale Jangwani kwa shughuli nyingine, nikimsubiri mtu. Mama mmoja, umri wa mama yangu mdogo, alikuwa amekaa juu ya tofali akitenganisha. Chupa za maji zisizo na rangi upande wake, za rangi upande mwingine, vizibo kwenye ndoo. Alikuwa akikanyaga kila chupa kwa kisigino ili hewa itoke, halafu anaitupa kirobani bila kuangalia, na haikosi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukaongea habari ya mafuriko. Nami, kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kimejaa vitenzi, nikamuuliza ameanza lini kazi hii ya kuokota chupa.

Kisigino kikasimama.

"Mimi siokoti, mwanangu. Anayeokota makopo ni yule." Akagonga kichwa chake kwa kidole. "Mimi nakusanya."

Kila mtu wa mjini hapa anajua alichomaanisha. Tukitaka kumwonya mtu kwamba mapenzi au madeni yatamtia wazimu, tunamwambia ataokota makopo. Ni mzaha wa kila siku, umo kwenye vichekesho, umo kwenye nyimbo. Na huyu mama amekuwa akiusikia nyuma yake kila anapopita na kiroba, kutoka kwa watoto wa shule na kwa watu wazima waliovaa vizuri.

Akaniambia ana mnunuzi wake, ana mizani anayoiamini na mizani asiyoiamini, ana daftari. Vizibo vinauzwa peke yake. Chupa iliyo na mafuta ndani inashusha bei ya mzigo mzima. Anaijua mitaa inayotoa mzigo Jumamosi baada ya sherehe na inayotoa Jumatatu. Hakuna bahati hapo. Kama ningekuwa mkweli na zile kanuni zangu mwenyewe, ningesema anavuna.

Lakini hakuomba nimpe kitenzi kizuri zaidi. Alikuwa nacho tayari, na alikichagua kwa sababu ileile iliyonifanya nikidharau: hakina historia. Kukusanya hakukumbuki kwamba kitu kilitupwa. Hakusemi uliinama mbele ya nani. Mkusanya kodi anakusanya, mkusanya takwimu wa sensa ya 2022 alikusanya akiwa na kizibao na kishikwambi, na yeye wa Jangwani anakusanya. Wote kwenye kitenzi kimoja, na hakuna anayecheka.

Ile makala kali ikafia pale.

Sikuwa na jibu la kumpa Baba Mdogo wala la kumpa yule mama, na kibaya zaidi niliona wote wawili wana haki. Mmoja alikikataa kitenzi kwa sababu kinafuta waliotoa. Mwingine alikikumbatia kwa sababu kinafuta dharau. Kazi ya kufuta ni ileile. Nikaanza kujiuliza kingine: anayefaidika na kufutwa huko ni nani, na ana nguvu kiasi gani?

## Tunakusanya taarifa zako

Swali hilo lingebaki hewani kama nisingeletewa kazi.

Ilikuwa sera ya faragha ya programu moja ya simu, ya mikopo midogo midogo, imeandikwa Kiswahili kigumu na mteja anataka kieleweke. Mnazijua programu hizi. Unakopa kidogo Ijumaa, unachelewa kurudisha, na Jumatano mkwe wako, bosi wako na fundi wako wa viatu wanapokea ujumbe wenye jina lako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa hadharani orodha ya zile zisizo na leseni na kuwataka watu wazikwepe. Hii niliyoletewa ilijieleza kuwa safi, na sina sababu ya kusema vinginevyo.

Sentensi ya kwanza ilisema: "Tunakusanya taarifa zako ili kukuhudumia vyema."

Nimeshahariri sentensi kama hiyo mara nyingi na kuipita. Safari hii kalamu ikagoma. Nikaanza kuipitisha kwenye ule ukoo. Tunaokota? Hapana, kuokota ni kwa kitu kisicho na mwenyewe, na namba za ndugu zangu zina wenyewe. Tunavuna? Hawakupanda. Tunakinga? Ningekubali kama ningekuwa mimi ninayemimina. Mmechanga? Baba Mdogo angeuliza nani alimwomba fundi viatu achange namba yake. Nilipofika kwenye kuzoa nikasimama. Viganja viwili, bila kuchagua, kila kilichotapakaa ndani ya simu: namba, majina, wapi ulilala jana. Na kama unataka ukali zaidi, kukomba.

Nikaandika "tunazoa". Nikaitazama. Ilikuwa kweli na ilikuwa ya kufurahisha, na nilijua haitavuka meza ya kwanza.

Ikarudi na wino mwekundu. Mwanasheria wao, kijana mstaarabu, akanipigia kunielewesha kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inasema kukusanya, kwa hiyo nao wanasema kukusanya, na kwamba neno la sheria halina kisawe. Hapo hakukosea. Sheria inahitaji neno moja linalobeba maana moja kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, la sivyo wakili mwingine ataingilia kwenye ufa. Nikamwambia neno lake libaki kwenye vifungu vyote vya chini. Mimi nataka sentensi moja tu ya juu, ile ambayo mkopaji ataisoma akiwa kwenye mwendokasi amesimama kwa mguu mmoja.

Akasema niandike, aone.

Nikaacha ukoo mzima wa vitenzi pembeni, pamoja na kuzoa niliyokuwa nimeipenda, nikatumia kile ambacho mtoto wa miaka minne hutumia akilalamika: kuchukua. "Ukibonyeza Kubali, tunachukua majina na namba zote zilizo kwenye simu yako, zikiwemo za watu ambao hawajawahi kukopa kwetu."

Akanipigia tena siku iliyofuata. Kisheria, akasema, sentensi haina kosa, kila kilichomo ni kweli na hata sheria inataka mtu aelezwe. Ila inatisha. Nikamwomba anionyeshe neno linalotisha, tulibadilishe pamoja. Akaisoma kwa sauti, polepole, akafika mwisho, akairudia nusu ya pili. Akasema atawasiliana na wenzake kisha atanirudia.

Hajanirudia. Ankara yangu wamelipa.